Kibwana wa Tatu

Iko nchi moja, si hii yetu, maana hii yetu kila mtu anajua mambo yake yamenyooka. Nchi hiyo ilikuwa na kiongozi aliyeipenda kupita kiasi. Aliitwa Mlezi Mkuu. Jina alilopewa na mama yake lilikwisha kustaafishwa kwa heshima zote na kupewa uwanja wa ndege, na ingawa uwanja wenyewe haukuwa umejengwa, picha yake ilikuwepo, ndege zimetua na abiria wanashuka huku wanacheka.

Huko simu yenye kamera ilifanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na saruji. Paa la hospitali ya wilaya lilipoanguka, serikali haikupoteza muda kutafuta mabati. Ilimtuma mtu na simu, akamsimamisha daktari mbele ya jengo, akabonyeza pale panapotia ukungu nyuma ya anayepigwa picha. Daktari akatoka safi, kila mvi inahesabika, na hospitali nyuma yake ikawa madoa laini ya rangi za kupendeza. Tangu siku hiyo ilikuwa kosa kuitazama hospitali ile kwa macho matupu.

Bomba la sokoni, lililokuwa likitoa tone moja likapumzika, lilipigwa kwa ile namna ya kuiacha kamera ikikodoa jicho kwa muda mrefu, tone likavutika likawa uzi mweupe wa maji. Wananchi walionyeshwa picha hiyo, kisha wakahimizwa kuoga. Daraja kubwa, ambalo lilikuwa limefika katikati ya mto likakata tamaa, lilipigwa na mtu aliyelala kifudifudi matopeni, Mlezi Mkuu akiwa amesimama karibu na simu amenyoosha mkono, ikaonekana nusu iliyokosekana ni kiganja chake. Picha hiyo iliwekwa kwenye stempu. Magari yaliyoendelea kutumbukia mtoni yalitajwa kuwa ni ya watu wasio na imani.

Siwema, ambaye habari hii ni yake, hakuwa na ugomvi na picha. Alikuwa mshonaji wa kofia katika mji mdogo wa Kiwambo, na mumewe, Kibwana, alikuwa fundi baiskeli mwembamba mwenye miguu mirefu na maneno mengi. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na cherehani moja, kitanda kimoja na mazoea ya kuchekeshana, na Siwema aliona hayo yanamtosha.

Mambo yalianzia harusini. Binamu yake Kibwana alikuwa anaoa, na miongoni mwa waalikwa alikuwemo Bwana Shomvi, Afisa Mahudhurio wa wilaya, mtu mpole mwenye simu mpya ya serikali. Bwana Shomvi aliwapanga waalikwa mstari mmoja mrefu ili awapige ile picha ndefu. Picha hiyo hupigwa kwa kubonyeza mara moja, kisha mpigaji anageuka polepole kutoka kushoto kwenda kulia, na simu inaunga vipande mpaka vinakuwa kitu kimoja. Kibwana alikuwa amesimama mwisho kabisa wa kushoto. Simu ilipokwisha kumpita, alichomoka, akapita mbio nyuma ya mgongo wa Bwana Shomvi, akajichomeka mwisho wa kulia, akatega mkono kiunoni.

Picha ilipotazamwa, Kibwana alikuwa wawili. Mmoja alikuwa anamcheka mwenzake kutoka upande wa pili wa harusi. Watu walishika mbavu, bibi harusi mwenyewe akaomba naye awe wawili, na jioni nzima ikapita watu wazima wakikimbizana nyuma ya afisa wa serikali. Siwema alimwambia mumewe kwamba mmoja tu anamchosha, sasa wawili atawaweka wapi. Lilikuwa neno la utani, na walilicheka mpaka nyumbani.

*

Miezi michache baadaye, Mlezi Mkuu alitangaza kwamba ataizuru Kiwambo. Habari hiyo ilipokelewa kwa furaha iliyomnyima Bwana Shomvi chakula. Wizara ya Mahudhurio, ambayo kazi yake ilikuwa kuhakikisha wananchi wanakuwepo, ilitaka maelfu. Kiwambo haikuwa na maelfu. Vijana wengi walikuwa wamevuka mpaka kwenda kutafuta maisha, na waliobaki walivushwa na jeshi kwenda kutafuta kifo. Mjini walikuwa wamebaki watu kama mia mbili, ukichanganya na wagonjwa wa hospitali iliyopendeza. Afisa aliyemtangulia Bwana Shomvi aliwahi kuleta umati mdogo, akahamishiwa kituo ambacho hakikujulikana kiko wapi, na mkewe alikuwa bado anaandika barua kuuliza anwani.

Bwana Shomvi alikwenda kwenye banda la Kibwana, akakaa juu ya tairi, akaeleza shida yake bila kuficha. Kibwana alimwonea huruma. Alikuwa na huruma ya haraka, hiyo ndiyo ilikuwa kasoro yake kubwa. Alikubali kuwafundisha watu wa Kiwambo kukimbia picha kama alivyokimbia yeye harusini.

Mazoezi yalifanyika kwenye uwanja wa shule, ambayo ilikuwa imefungwa kwa kuwa picha ya wanafunzi wakisoma ilikwisha kupigwa. Kibwana aliwafundisha kusimama kimya simu inapopita, kuhesabu pumzi, kisha kutoka kwa kuinama, nguo nyingine ikiwa tayari begani. Vikongwe walipangwa katikati ili wasihitaji kukimbia. Akina mama walifundishwa kubadili kanga mbioni, na Siwema alishona kofia za rangi mbalimbali ili kichwa kimoja kiweze kuwa vichwa vingi. Kusema kweli watu walifurahi. Ilikuwa muda mrefu hawajafanya jambo pamoja lisilokuwa mazishi.

Siku yenyewe ilipofika, Mlezi Mkuu alihutubia kwa saa nyingi akiwa amevaa miwani myeusi. Hakuwa na desturi ya kuwatazama watu; alikuwa akisubiri picha. Alisema haoni watu mbele yake, bali anaona taifa, na katika hilo alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Kisha Bwana Shomvi akainua simu na kuanza kugeuka. Mji mzima ulikimbia. Kibwana alisimama kushoto akiwa na kanzu na tabasamu pana, akachomoka, akatokea katikati akiwa na shati la buluu na bendera mkononi, akachomoka tena, akafika alipokuwa Siwema na furushi la nguo, anahema. Alisema inatosha. Siwema aliitazama simu, akaona ina safari bado kabla ya kufika mwisho wa kulia. Moyo wake ulikuwa umejaa fahari, maana hakuna mtu Kiwambo aliyeweza kuwa watatu.

"Nenda tena," alimwambia, akimvisha shati la kazi. "Unawahi."

Akaenda. Aliwahi kwa nukta tu; simu ilimkuta ndiyo kwanza anafika, hajageuka.

*

Picha ile ilitundikwa kwenye jengo refu kuliko yote la mji mkuu, na mabalozi wakapelekwa kuitazama. Wizara iliona kwamba sasa hakuna haja ya kuwasumbua wananchi kwa sensa za kugonga milango. Ikahesabu vichwa pichani, na Kiwambo ikatangazwa kuwa jiji. Ilipewa meya, ikapewa taa za kuongozea magari, zikasimikwa pale alipokuwa akipita punda wa mchota maji. Punda alijifunza kusimama. Maji hayakuletwa, kwa sababu jiji lenye watu wengi kiasi hicho lilidhaniwa lina uwezo wa kujichimbia visima lenyewe.

Mlezi Mkuu aliipenda picha hiyo mno. Kila baada ya chakula cha mchana aliiweka kwenye simu yake na kuikuza kwa vidole viwili, uso mmoja baada ya mwingine, akiwapungia. Wasaidizi wake walisema ilimpa usingizi mzuri. Mchana mmoja alifika mwisho wa kulia wa picha. Akakuza. Akakuza tena. Palikuwa na mtu amesimama kati ya watu wanaoshangilia, na mtu huyo alikuwa amempa kisogo.

Siku hiyo Mlezi Mkuu hakulala.

Kwa kuwa kisogo hakina jina, polisi walikikuza mpaka kikawa na ukubwa wa trei, wakaja nacho Kiwambo. Wanaume wote waliamriwa kusimama kwenye uwanja wa shule wakiwa wametazama ukutani, na mkuu wa polisi akapita nyuma yao polepole akilinganisha. Gazeti la serikali liliandika kuwa ni gwaride la kwanza la visogo katika bara zima, na kwamba nchi jirani zimeomba kujifunza. Kibwana alikuwa na kovu la mapunye ya utotoni nyuma ya sikio. Alipoguswa begani, aligeuka akidhani ni utani.

Siwema aliwakimbilia polisi akiwa bado na uzi mdomoni. Aliwaonyesha picha nzima, akawaelekezea mwisho wa kushoto, akawaambia wamtazame mtu huyu anavyotabasamu, kisha wamtazame huyu wa katikati na bendera yake, wote hao ni Kibwana, mtu gani aliyempenda Mlezi Mkuu zaidi ya huyu. Mkuu wa polisi aliwatazama hao wawili kwa makini na kwa upendo.

"Hawa ni raia wema," alisema. "Tuna shida na huyu wa tatu tu. Mama, nyumba yako ina Kibwana watatu, sisi tumechukua mmoja. Unalalamika nini?"

*

Bwana Shomvi alikuja kumwona Siwema kabla ya kesi. Alikaa kwenye kiti cha Kibwana bila kujua, akaruka alipojua. Alikuwa amekonda. Alimweleza Siwema kwamba liko kosa moja kubwa kuliko kisogo, nalo linaitwa kupunguza taifa. Mtu akisema mahakamani kwamba Kibwana ni mmoja, atakuwa amesema picha ni ya uongo, jiji la Kiwambo halipo, na kila aliyesimama pale uwanjani amemdanganya Mlezi Mkuu kwa miguu yake mwenyewe. Watachukuliwa wote, mpaka vikongwe wa katikati. Alisema hayo akiwa anatazama sakafu. Siwema alitaka kumchukia, akashindwa hata hilo.

Kesi iliendeshwa na Hakimu Tambwe, mtu aliyesifika kwa huruma. Chumba kilijaa majirani. Picha ilitundikwa ukutani, na Kibwana alisimamishwa chini yake, uso umevimba upande mmoja.

"Wewe ni Kibwana wa ngapi?" Hakimu alimuuliza.

"Mheshimiwa, mimi ni mmoja. Nilikimbia."

Hakimu Tambwe alimwamuru karani asiandike neno hilo, kwa faida ya wote waliokuwemo chumbani, akasema mahakama imemwelewa mshtakiwa kuwa amechoka. Kisha akamwita Siwema mbele, akamuuliza kwa upole ana waume wangapi.

"Mmoja," alisema Siwema.

"Mke mwema. Yupi?"

Siwema alimnyooshea kidole Kibwana wake aliyesimama pale chini ya picha. Hakimu akatikisa kichwa. Alisema huyo ni mshtakiwa, hakuulizwa habari za mshtakiwa. Aonyeshe pichani mume wake ni yupi, na kama atasema wote, basi atakuwa ama ana waume watatu, jambo ambalo dini na sheria zimelikataa, ama anataka kulipunguza taifa.

Siwema aligeuka akawatazama majirani. Walikuwepo wote, wale waliokimbia naye, na kila mmoja alikuwa ameyakaza macho kwake. Bibi harusi wa siku ile alikuwa na mtoto mgongoni. Siwema aliinua mkono, akaugusa mwisho wa kushoto wa picha, pale palipokuwa na kanzu na tabasamu pana.

"Huyu," alisema.

Kibwana aliinamisha kichwa. Hakumlaumu, na hilo lilimuumiza Siwema kuliko kama angemtukana. Karani aliandika kwamba Kibwana wa Kwanza ni mume wa shahidi, na kwamba wa Pili na wa Tatu ni ndugu zake, makapera.

Hukumu ikaahirishwa. Mahakama ilitaka kwanza kujua tabia ya wale ndugu wawili, na njia nzuri ya kujua tabia ya mtu katika nchi ile ilikuwa kumtazama pichani. Mkutano mwingine wa hadhara ulikuwa umekaribia, na Hakimu alisema atasubiri picha yake.

*

Bwana Shomvi alikuja tena, safari hii akiwa na uso wenye nuru kidogo. Alisema amezungumza na watu wanaojua. Familia yenye wawili waaminifu, alisema, husamehewa mmoja. Kama Kibwana wa Kwanza na wa Pili wataonekana kwenye picha wakishangilia kwa moyo, Hakimu atapata pa kushikia. Siwema alimuuliza wataonekanaje, na mwenye sura hiyo yuko rumande. Bwana Shomvi alimtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani, kisha akatazama kando kwa aibu.

Siwema alikuwa mwembamba kama mumewe. Alizikata nywele zake mwenyewe kwa mkasi wa kushonea. Alifunga kifua kwa kitambaa, akavaa kanzu ya Kibwana, na harufu yake ya mafuta ya baiskeli ilipompanda puani alikaa kitandani akalia mpaka akachoka. Halafu akainuka akaenda uwanjani, kwa sababu aliamini anakwenda kumwokoa.

Hajawahi mtu kukimbia picha kama Siwema alivyokimbia siku hiyo. Alikuwa wa kushoto, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, anatabasamu lile tabasamu pana alilolijua kuliko lake. Alichomoka, akavua kanzu mbioni, akawa wa kulia na shati la buluu na bendera, na safari hii alihakikisha amegeuka, uso mbele, mkono juu. Alishangilia mpaka sauti ikakauka. Majirani walimpisha njia, na wengine walimpigia makofi kweli, maana walidhani na wao kwamba wanamsaidia.

Picha ilikuwa nzuri sana. Hakimu Tambwe aliikuza mahakamani kwa vidole vyake viwili, akaonekana kuguswa.

Alisema sheria za nchi hiyo zimejaa huruma, na kwamba kati ya huruma hizo iko moja ambayo wananchi wengi hawaijui, nayo ni kwamba mwanamume aliye peke yake katika nyumba hanyongwi, kosa lake liwe kubwa namna gani, maana nyumba isiachwe bila nguzo. Yeye mwenyewe, alisema, alikuwa amekwisha kuandika hukumu ya kumwachia Kibwana wa Tatu arudi nyumbani kwa onyo kali, endapo ndugu zake wasingetokea. Alikuwa na hakika karibu kamili kwamba hawatatokea. Lakini sasa ndugu wametokea, wote wawili, wenye afya, wenye furaha, na mahakama haiwezi kujifanya haiwaoni.

"Familia haitapata pengo," alisema. "Naipongeza."

Siwema alisimama. Alifungua kinywa aseme kwamba waliosimama pichani ni yeye, alikuwa yeye, wamtazame nywele zake. Mkono wa mtu ulimshika bega kwa nyuma, ukamkalisha. Hakujua ni mkono wa nani. Yawezekana ilikuwa mikono mingi.

*

Kibwana alinyongwa siku ya Jumanne, na serikali ikatoa taarifa kwamba idadi ya watu wa Kiwambo imebaki ya kuridhisha.

Siwema alikwenda gerezani kuomba maiti. Ofisa wa dirishani alikuwa kijana mwenye adabu, akamkaribisha kiti. Alimweleza kwa masikitiko kwamba marehemu alikuwa kapera, kwa mujibu wa kumbukumbu za mahakama, na kwa hiyo mke hana. Yeye Siwema ni mke wa kaka wa marehemu, shemeji tu, na shemeji hapewi maiti. Alisema pia kwamba asingeshauri akae eda, kwani mumewe yuko hai na watu wangemshangaa. Aje mwanamume, ndugu yake marehemu, yeyote kati ya wale wawili.

Siwema hakubishana. Alitoka nje, akaenda nyuma ya ukuta wa gereza, akafungua furushi alilokuwa amekuja nalo, maana alikuwa ameshaanza kuijua nchi yake. Alirudi dirishani akiwa na kanzu na kofia.

Yule kijana alimtazama kwa muda. Machozi yalikuwa hayajakauka usoni pa Siwema, na bila shaka aliuona ni uso uleule.

"Wewe ni wa Kwanza au wa Pili?" aliuliza.

"Wa Kwanza."

"Pole sana, ndugu yangu," alisema kijana, akamsogezea mlango. "Mlifanana mno."

Siwema alimleta Kibwana wake Kiwambo kwa mkokoteni wa punda. Kwenye taa za kuongozea magari punda alisimama kama alivyofundishwa, na Siwema akasimama naye, kwa sababu hapakuwa na haraka tena ya kitu chochote. Nyumbani hapakuwa na kilio. Wanawake walikuja wakakaa ukumbini, lakini hapakuwa na mjane wa kuliliwa. Aliyekuwepo alikuwa kaka wa marehemu, na kaka wa marehemu yuko na wanaume. Aliyemwosha Kibwana ni Siwema peke yake, mlango umefungwa. Alimwosha shingo kwa uangalifu kana kwamba ilikuwa bado inauma, akamwambia yale aliyokuwa hajapata nafasi ya kumwambia. La kwanza lilikuwa lile neno lake la uwanjani, unawahi. Alimwomba msamaha kwa neno hilo mara nyingi.

Makaburini wanawake hawaendi. Siwema alikwenda, amebeba jeneza bega moja na wanaume, na hakuna aliyemzuia. Imamu aliuliza, kama desturi inavyotaka, ni nani wa karibu atakayeshuka kumpokea. Watu walitazama chini. Siwema akasogea mbele.

Ndipo Bwana Shomvi alipotokea, simu mkononi, anahema. Alimvuta Siwema kando, akamwambia kwa sauti ya chini, karibu kulia, kwamba amri imetoka juu jana usiku. Wako maadui wanaosema Kiwambo haina watu. Wizara imeona kwamba hakuna kitakachowafunga midomo kama picha ya mazishi yaliyohudhuriwa na jiji zima, tena mazishi ya mhalifu, ili ulimwengu uone serikali ilivyo na moyo mkubwa. Alisema hakulala kwa kufikiria namna ya kuikwepa. Aliuliza, na alikuwa hawezi kumtazama, kama Kibwana wa Pili anaweza kuonekana upande wa kulia.

Siwema alivua viatu, akashuka kaburini.

Chini kulikuwa na ubaridi na harufu ya udongo uliochimbwa asubuhi. Aliinua mikono, wakamteremshia Kibwana. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, mtu mmoja tu mwembamba, akamkumbatia kifuani, akamlaza ubavu wa kulia, akampa kipande cha udongo cha kulalia shavu. Alikuwa anafungua fundo la sanda kichwani pa Kibwana, ndipo huko juu palipotulia ghafla, pakawa kimya kabisa, kimya cha watu waliozuia pumzi. Alimsikia Bwana Shomvi akikohoa.

Kisha udongo ulianza kudondoka kidogo kidogo kutoka kingo za kaburi, ukaanguka juu ya sanda nyeupe. Siwema aliufuta kwa kiganja. Ukadondoka tena, akaufuta tena, na huko juu miguu ilizidi kuwa mingi, ikipita kutoka kushoto kwenda kulia, watu wanakimbia.